Nani Atawauguza Wake Zetu?



Katika mwaka 2022, mwezi wa Rajab, dada yetu mkubwa aliamka kwa ajili ya Sala ya Alfajiri, akaenda kutia udhu, na huko huko penye maji akaanguka. Tulipomwinua, mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia haukubali kuinuka, na maneno aliyoyasema hayakufahamika. Kwa mazoea yetu ya pwani wako waliosema kuwa amepitiwa na upepo mbaya, wakataka aitwe fundi. Mpwa wetu, mwana wa huyo dada, hakuwasikiliza. Alikwenda kutafuta gari, na kabla ya jua kupanda mgonjwa alikuwa amekwisha fikishwa hospitali, na daktari akatwambia kuwa ni kiharusi, yaani mshipa wa damu umeziba katika ubongo. Alilazwa siku 19.

Tumeona tuandike khabari za siku hizo, kwani ndani yake tulijifunza kazi ya mwuguzi ni nini, nasi hapo kabla tulikuwa tukidhani twaijua. Mtu akituuliza tungelisema kuwa mwuguzi ni yule anayechoma sindano na kufuata alivyoagiza daktari. Ndivyo wadhanivyo wengi. Lakini daktari tulimwona asubuhi, akasimama penye kitanda kwa muda wa dakika chache, akaandika na kwenda kwa mgonjwa mwingine, kwani nao walikuwa wengi. Zile saa nyingine zote, mchana na usiku, dada yetu alikuwa mikononi mwa wauguzi.

Siku ya pili tulikwenda na kombe. Tuliliandika wenyewe kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, tukaliosha kwa marashi mawaridi, tukalitia katika chupa. Mkewe mpwa wetu naye alichukua uji mwepesi wa mchele. Tulipofika kitandani na kumimina kombe katika kikombe, mwuguzi mmoja, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole, alikuja mbio akaweka mkono wake juu ya kikombe. Tulikasirika, hatusemi uwongo. Tuliona kuwa amelidharau jambo la dini. Naye akasema, "Maalim, msomee kadiri upendavyo, wala hapana atakayekuzuia. Lakini usimnyweshe kitu."

Kisha akatueleza. Kiharusi kinapomshika mtu, hakishiki mkono na mguu peke yake. Aghalabu hushika na misuli ya koo. Mgonjwa humeza, nawe waona amemeza, kumbe kile alichokimeza kimekwenda njia ya pumzi na kuingia mapafuni, na baada ya siku mbili au tatu hupata homa ya mapafu, na wengi huuawa na homa hiyo, si na kiharusi chenyewe. Kwa hiyo mwuguzi humkalisha mgonjwa wima, akampa maji kijiko kimoja cha chai, akatazama koo lake, akasikiliza kama atakohoa au kama sauti yake itakuwa na majimaji. Akishindwa, hapewi kitu kwa mdomo, bali hutiwa mpira mwembamba puani uendao mpaka tumboni, na chakula chake hupita humo. Dada yetu alikuwa ameshindwa asubuhi ile ile, na imeandikwa katika karatasi zake, ila sisi hatukuuliza. Tulirudi nyumbani na chupa yetu ya kombe, na njiani tukifikiri kuwa lau yule msichana angelikuwa mzito wa miguu au mwenye kutuonea haya kwa kilemba chetu, tungelimwua dada yetu kwa mikono yetu wenyewe na hali twataraji baraka.

Jambo jingine tuliloliona ni la kugeuzwa. Mtu mwenye afya, hata akilala usingizi mzito, hujigeuza mwenyewe bila kujua. Aliyepooza hawezi. Uzito wa mwili hubana ngozi penye nyonga na visigino na mfupa wa mgongo chini, damu haipiti, ngozi hufa, na kidonda huchimbika mpaka mfupani. Dawa yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, upande huu, kisha chali, kisha upande ule, na kumkausha, na kunyosha shuka isiwe na mikunjo. Saa sita za usiku, saa nane, saa kumi. Wodi ile usiku ilikuwa na wagonjwa 34 na wauguzi wawili. Msomaji mwenyewe na afanye hesabu. Pamoja na hayo wapima joto na shinikizo la damu, watazama mkojo, wabadili chupa za maji ya mshipani, watoa dawa kwa saa zake, na kila walifanyalo huliandika, ili wenzao wa zamu ya asubuhi wajue walipokuta na walipoacha. Mara mbili tulimwona mwuguzi akimwita daktari usiku kwa sababu ameona mabadiliko madogo katika pumzi ya mgonjwa, mabadiliko ambayo sisi tuliokaa karibu hatukuyaona.

Siku 19 zilipokwisha, mwili wa dada yetu haukuwa na kidonda hata kimoja.

Sasa twaja katika lile lililotufanya tushike kalamu. Usiku wa tano zamu iliangukia kwa kijana mmoja mwanamume, mtu wa bara, na mwenzake mwanamke alikuwa amekwenda kusaidia wodi ya wazazi. Saa ya kugeuzwa ilipofika, yule kijana alivuta pazia akataka kumgeuza na kumsafisha dada yetu. Mpwa wetu alisimama akamzuia, akasema kuwa mama yake hashikwi na mwanamume asiye maharimu wake. Maneno yakapanda. Sisi tulikuwa upande wa mpwa wetu, na tulinena tuliyonena. Akaja mwuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima, naye si wa dini yetu. Hakutukemea. Alisema kuwa ajua heshima ya wanawake wa Kiislamu, na kila awezapo huwapangia wauguzi wanawake, lakini usiku ule hanaye. Kisha akatuuliza kwa upole kabisa, "Maalim, katika mtaa wenu wako wasichana wangapi wanaosoma uuguzi?"

Hatukuwa na jawabu. Bali tulikuwa nalo, na ndilo lililotufunga mdomo.

Kwani mwaka 2019 alitujia mzee mmoja, baba wa binti tuliyemfundisha mwenyewe tangu alifu mpaka akakhitimu msahafu. Binti alikuwa amefaulu kidato cha nne na masomo yake ya sayansi yalikuwa mema, naye alitaka kwenda chuo cha uuguzi. Baba yake alitaka shauri letu. Tulimjibu kwa maneno mafupi, kama mtu anayejibu jambo lililo wazi: kazi hiyo ina zamu za usiku, ina kushika wanaume, mtafutie kitu kingine. Mzee alituamini. Binti aliajiriwa duka la nguo, kisha akaolewa. Hatukulifikiri tena jambo hilo mpaka usiku ule, tulipokuwa tukidai mwuguzi mwanamke kwa ajili ya dada yetu, na huku mmoja aliyeweza kuwa yeye tumemrudisha kwa ulimi wetu.

Tuliporudi nyumbani tulifungua vitabu, na tukaona haya zaidi. Mambo haya tulikuwa tukiyasoma tangu ujana wetu, wala hatukuyatia maanani. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) aliamrisha awekwe katika hema msikitini, penye uangalizi wa Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam aliyekuwa akitibu majeruhi, naye Mtume akipita asubuhi na jioni kumwuliza hali. Tazama, hema la wagonjwa ndani ya msikiti wa Madina, na anayewauguza ni mwanamke. Ummu Atiyya naye alitoka na Mtume katika vita saba, akikaa nyuma kwenye mizigo, akipika, akitibu waliojeruhiwa na kuangalia wagonjwa. Rubayyi binti Muawwidh ameeleza kuwa wao wanawake wakiwanywesha watu maji vitani, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina waliouawa. Hao ni maSahaba, na khabari zao zimo katika vitabu sahihi.

Wala isidhaniwe kuwa uuguzi ni kazi ya wanawake peke yao. Siku ya Badri Sayyidna Uthman hakuwapo vitani, kwa sababu Mtume alimwamuru abaki Madina amwuguze mkewe Ruqayya, aliyekuwa mgonjwa sana. Bibi huyo alifariki, Mungu amridhie, na Uthman akahesabiwa thawabu na fungu la ngawira kama aliyepigana. Vijana wetu wanaume wanaocheka wakiambiwa wasome uuguzi wangelipenda kulijua hilo.

Baadaye Waislamu walipojenga hospitali kubwa walilitazama jambo hili la wanaume na wanawake kwa makini. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wanaume mbali na sehemu ya wanawake, na pahali mbali mbali pa wenye homa, wenye macho na wenye kufanyiwa upasuaji, na wahudumu wa kiume na wa kike, na gharama zote zikitoka katika wakfu. Wazungu humtaja Bibi Florence Nightingale, naye twampa haki yake: mwaka 1854 alikwenda na wauguzi 38 kuwaangalia askari wa Kiingereza karibu na Istanbul, akaonyesha kwa hesabu kuwa uchafu na homa viliua wengi kuliko majeraha, na mwaka 1860 shule ya wauguzi ikafunguliwa kwa jina lake mjini London. Mpaka leo tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, ndiyo siku ya wauguzi duniani. Lakini hema la Rufaida lilitangulia kwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili, nasi wenye hema ndio tuliobaki nyuma.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameiweka elimu ya tiba katika fardhi za kifaya: wakiwapo wa kutosha katika mji, wengine wamesalimika, wasipokuwapo, mji mzima una dhambi. Na ameshitaki kuwa katika zama zake watu walisongamana katika fikihi na mabishano yake, na miji mingi haina tabibu Mwislamu. Tulipolisoma hilo tena tulilifunga juzuu tukakaa kimya. Sisi ni katika hao waliosongamana.

Majengo Waislamu wa nchi hii wamechangia. Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali Dar es Salaam, na hata leo jina lake liko katika jengo moja la wagonjwa Muhimbili. Mali tumetoa. Mikono ndiyo haba.

Na mikono hiyo haitakiwi katika wodi kubwa peke yake. Chukua zahanati ya kijiji. Huko mara nyingi mwuguzi ndiye anayempokea mgonjwa, ndiye anayepima watoto kwa mizani na kuandika kadi ya kliniki, ndiye anayechanja: mtoto anapozaliwa hupata ya kifua kikuu na ya matone ya polio, kisha hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa ajili ya surua. Ndiye anayefuatilia mgonjwa wa kifua kikuu asiache dawa kabla ya miezi sita kwa kuwa kikohozi kimepoa. Katika chumba cha upasuaji wako wauguzi wanaohesabu kila chombo na kila kitambaa kabla ya kupasua na kabla ya kushona, ili kisisahauliwe kitu tumboni mwa mtu. Na katika hospitali za wagonjwa wa akili, kama Mirembe huko Dodoma, wako wale wanaokaa na watu ambao jamaa zao wenyewe wameshindwa kukaa nao.

Lakini penye haja kubwa zaidi kwa nyumba zetu ni chumba cha uzazi. Hapo mwuguzi mkunga husikiliza moyo wa mtoto tumboni kila nusu saa, na hujua kuwa mapigo yakishuka chini ya 110 kwa dakika au yakipita 160 pana jambo. Huandika mwendo wa uchungu katika karatasi maalumu yenye mistari, na mistari ikivukwa humwita daktari bila kungoja. Mtoto atokapo, mama huchomwa sindano ya kulikaza tumbo la uzazi, ndani ya dakika moja, kwani kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa ndiko kunakowaua wazazi wengi kuliko sababu nyingine. Mjamzito mwenye kuumwa kichwa sana, kuona vimulimuli na kuvimba uso, mwuguzi humpima presha na mkojo mara moja, kwani hiyo huwa dalili ya kifafa cha mimba. Sisi pwani tumewazika wanawake wengi kwa jambo hilo tukisema kuwa ni majini.

Sasa waume wanaosimama mlangoni pa chumba cha uzazi wakiuliza kama humo ndani yumo mwanamume, na wajiulize pia hao wanawake watakaokuwamo watatoka kwa nani. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, ulimwengu ulikuwa na wauguzi karibu milioni 28, na katika kila kumi, tisa ni wanawake. Ni binti za watu. Wamelelewa na baba wenye ghera kama sisi.

Tusiwafiche wazazi yaliyo magumu. Zamu za usiku zipo, na binti huhitaji pa kukaa pa amani na njia salama ya kwenda na kurudi; baba asiyelitazama hilo amekosa. Mavazi yaulizwe chuoni kabla ya kujiunga, si baada. Lakini anayekwenda Mnazi Mmoja, Unguja, huwaona wauguzi wenye mitandio wakifanya kazi bila dosari. Kuhusu kushika wanaume, mwanafunzi hujifunza katika wodi zote, wala hatutasema vingine. Wanavyuoni wamekubali kuwa haja ya tiba huruhusu kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja ile, bila kuzidi, na wale masahaba wa kike tuliowataja hawakuwauguza wanawake peke yao.

Liko na lawama la wauguzi wenye ulimi mkali, na hilo ni kweli. Wako. Sisi wenyewe tuliwahi kufukuzwa dirishani mahali fulani kama mwombaji. Lakini tumeona vile vile jamaa wa wagonjwa wakiingia kumi kwa pamoja, wakikaa juu ya kitanda, wakificha kuwa mgonjwa amekwisha nyweshwa dawa za miti, kisha wakipiga kelele hali ikibadilika. Mwuguzi akiuliza mgonjwa ametumia nini nyumbani, aambiwe kweli, hata kama aliyempa ni maalim.

Tumefanya uchunguzi wa masharti, kwa faida ya vijana. Kwa hapa Tanzania bara, mwenye kutaka chuo cha uuguzi na ukunga hutakiwa awe amefaulu masomo manne katika mtihani wa kidato cha nne, na ndani yake yawemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Lilituuma kidogo, lakini ndivyo. Astashahada ni miaka miwili na stashahada ni mitatu. Shahada ni minne, na njia yake ya kawaida ni kupitia kidato cha sita. Kisha kuna mtihani na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambayo bila hiyo mtu haruhusiwi kumshika mgonjwa. Basi binti anayeacha Fizikia kwa kuambiwa kuwa ni somo la wavulana, mlango umefungwa akiwa bado na miaka kumi na minne au kumi na mitano, naye hajui.

Yule mzee wa mwaka 2019 tulimwendea. Tulimwomba radhi, na tulimwomba ruhusa tukamwombe radhi na binti yake, ambaye sasa ana watoto wawili. Binti alicheka, akasema, "Maalim, yamekwisha hayo," lakini macho yake aliyainamisha. Mdogo wake wa kike yumo katika kidato cha nne, na safari hii baba yake hakutuuliza, alituambia tu.

Dada yetu yu hai. Hutembea kwa mkongojo, na mkono wa kulia haujarudi sawasawa. Kila Idi humpelekea yule kijana wa bara sahani ya vitumbua, na yeye mwenyewe ndiye husimama kuhakikisha kuwa havikuungua.

Na sisi tuna binti wa mwisho, yuko kidato cha tatu. Darasa lake la Qur'ani lilikuwa baada ya Sala ya Alasiri. Tumelihamisha, tukaliweka baada ya Alfajiri, ili jioni apate kwenda kwa mwalimu wa masomo ya ziada. Fizikia ndiyo inayomsumbua.